Kambare wazazi wakikuangusha: kutafuta kosa kuanzia beseni la mayai hadi gunia la chakula

"Mwanangu, uliniuzia maji?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa ametoka Bondo na matatu ya kwanza. Mkononi alishika mfuko wangu wa nailoni, na ndani yake mlikuwa na maji matupu yenye vumbi jeupe chini. Vumbi lile lilikuwa mabuu wa kambare niliomkabidhi siku nne kabla, elfu tatu kwa hesabu yangu, awalee hadi wawe vifaranga wa kuwauzia wavuvi wa mbuta, yaani sangara, kama chambo. Nilimrudishia pesa zake. Kisha nikashinda wiki nzima nikilaumu sindano ya kuivisha mayai, nikalaumu dume, nikalaumu maji ya mfereji, hata mvua sikuiacha. Ilikuwa Mei. Omena, dagaa wa ziwani, niliyokuwa nikiwalisha samaki wazazi nilikuwa nimeinunua Februari, gunia zima, kabla ziwa halijafungwa kwa uvuvi wa omena. Kosa lilikuwa limekaa humo kwenye gunia, na ilinichukua misimu miwili kuliona.

Haya ninawaandikia wenzangu wenye vituo vidogo vya kutotolesha kambare, kuanzia Busia na Siaya hadi hapa Kisumu, na wale waliopanda na ufugaji mpaka Nakuru kwenye baridi. Nimefuata dalili, kwa sababu hakuna anayeamka asubuhi akasema "leo jike wangu ana upungufu wa asidi za mafuta". Unachokiona ni mayai meupe, au mikia iliyopinda, au beseni lililonyamaza.

Kwanza saa na joto, kisha chakula

Nusu ya lawama zinazotupiwa chakula si zake. Kabla hujagusa gunia, chukua kipimajoto. Ukimpiga jike sindano maji yakiwa nyuzi 25, mayai huwa tayari kukamuliwa baada ya saa 11 hivi. Kwa nyuzi 28 ni saa 8, na kwa nyuzi 30 ni saa 7. Nyuzi 20, ambazo mtu wa Nakuru anazijua vizuri usiku wa Julai, zinataka saa 20 au 21. Anayefuata saa za Kisumu akiwa Njoro, upande wa Nakuru, atakamua mayai ambayo hayajaachia, na anayelala akapitiliza atakamua mayai yaliyokwisha kuiva kupita kiasi. Wote wawili watapata mayai meupe na wote watasema jike ni mbaya.

Kutotolewa nako kunafuata joto. Kwa nyuzi 28 mabuu hutoka baada ya saa 22 hivi, kwa nyuzi 25 saa 27, na kwa nyuzi 20 inapita siku mbili. Mayai yakichelewa usikimbilie kuyamwaga.

Jaribio la kutenga makosa ni la kugawa nusu kwa nusu, na halina gharama. Kamua jike mmoja, gawa mayai kwenye mabeseni mawili makavu, kila nusu itie manii ya dume tofauti. Kisha fanya kinyume chake: manii ya dume mmoja kwenye mayai ya majike wawili. Ubaya ukimfuata jike popote aendapo, sasa una ruhusa ya kuuliza alikuwa anakula nini. Ukimfuata dume, ruka chini usome habari za dume. Ukiwapata wote sawasawa, tazama maji.

Mafuta ya yai yanatoka wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana asiyeelewa sehemu hii atakuwa anabahatisha dawa.

Yai la kambare halina mama wa kulinyonyesha. Buu akitoka ana mfuko wa kiini tumboni, na kwa siku tatu hivi hali kitu kingine. Kila anachokijenga kwa siku hizo, macho, ubongo, ngozi ya kila chembe ya mwili, anakijenga kwa akiba iliyomo humo. Akiba hiyo jike aliiweka wiki nyingi kabla ya sindano: ini lake hutengeneza protini ya kiini, hubeba mafuta ndani yake, damu huisafirisha hadi kwenye kokwa za mayai. Mafuta yanayobebwa ni yale aliyoyala na yale aliyokuwa ameyahifadhi mwilini. Kwa hiyo chakula cha juma la sindano hakiokoi kitu. Unachokikamua leo ni chakula cha wiki sita, nane zilizopita.

Tena mafuta si mafuta. Mtu aliyewahi kulala Molo au Nakuru anajua: asubuhi mafuta ya kukaangia ya mkebe yameganda kama nta, ilhali ya chupa bado yanamiminika. Ngozi ya chembe za samaki imejengwa kwa mafuta, na samaki hana joto lake mwenyewe, anakuwa baridi maji yakiwa baridi. Akijengwa kwa mafuta yanayoganda, chembe zake zinakakamaa. Anayohitaji ni yale yanayobaki laini kwenye baridi, na laini kuliko yote ni ya jamii ya omega-3 zenye mnyororo mrefu, hasa ile inayofupishwa DHA, ambayo ndiyo imejaa kwenye ubongo na macho. Kuna nyingine ya jamii ya omega-6, asidi ya arakidoni. Kutokana nayo mwili hutengeneza vichocheo vinavyosaidia yai kuachia kutoka kwenye kokwa. Hizi mbili hutazipata kwenye mahindi hata ukiyasaga mara tatu.

Wanaofuga chaza baharini waliligundua hili kwa uwazi kuliko sisi. Chaza mzazi huwekwa kwenye tangi kwa wiki kadhaa na kulishwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mfugaji ndiye anayechagua mwani gani. Akimpa Isochrysis, ambao una DHA nyingi, mayai yanakuja na DHA. Akimpa Chaetoceros, omega-3 inayozidi ni ile nyingine, EPA. Akimpa Dunaliella, ambao hauna hizo mbili, chaza atanona vilevile, atapendeza ukimfungua, lakini mayai yake yatakuwa maskini wa kile kile buu anachokihitaji. Iligundulika pia kwamba mafuta ya akiba ndani ya yai hubadilika upesi kufuata chakula, bali yale yanayojenga ngozi ya chembe ni mabishi, mama huyalinda kadiri awezavyo. Mwisho hata hayo hulegea.

Kambare ana nafuu kuliko chaza: anaweza kuchukua omega-3 fupi ya mimea na kuirefusha kiasi. Nafuu hiyo ndiyo inayotudanganya. Jike analishwa pumba na mashudu ya alizeti mwaka mzima, haugui, anatoa mayai, na mfugaji anaamini kwamba chakula kinatosha. Lakini alizeti karibu haina hata hiyo omega-3 fupi ya kurefushwa. Soya inayo kidogo.

Tumbo kubwa, mayai kiganja

Unamshika jike, tumbo limejaa, unafurahi. Unampiga sindano, saa zinafika, unamkamua, yanatoka mayai ya kujaza kiganja tu. Ukikaza mkono inatoka damu.

Mara nyingi tumbo lile ni mafuta. Kambare akilishwa wanga mwingi na asipozunguka, anaweka mafuta kuzunguka utumbo, meupe au ya manjano hafifu, kama ya kondoo wa sikukuu. Akifa mmoja usimtupe, mpasue. Ini la jike aliyelishwa vizuri ni la rangi ya hudhurungi iliyokolea na limeshikana. Ini la aliyezidishiwa unga limefifia, karibu rangi ya udongo mkavu, na linavunjika vidoleni kama ugali uliokosa mwiko.

Kwa walio hai, bonyeza tumbo taratibu kuelekea kwenye tundu la uzazi kabla ya sindano. Jike aliye tayari hutoa mayai machache bila kulazimishwa. Yatandaze juu ya ukucha: yawe yanalingana ukubwa, kama milimita moja hivi, rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, kila moja limejitenga. Ukiyaona madogo kwa makubwa, mwache arudi bwawani.

Dawa yake ni kupunguza kwanza, kisha ndipo ubadilishe. Kwa kambare wazazi mimi hulisha kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wao kwa siku, hata wakiniangalia kwa jicho la njaa. Majike wenye jumla ya kilo 20 watakula gramu 200 hadi 400. Chakula kiwe na protini ya asilimia 35 kwenda juu na mafuta kama asilimia 10. Pumba tupu haiwezi kufika huko.

Kama jike hakunenepa, mayai yalionekana mazuri, saa zilitimia, na bado yamekataa kuachia, ndipo nashuku upungufu wa ile asidi ya arakidoni. Lakini hiyo ni shuku ya mwisho. Tisa kati ya kumi huwa ni saa.

Mayai yanageuka meupe usiku mmoja

Yai lililokufa linageuka jeupe kama punje ya mchele ulioiva, na kufikia asubuhi limeota ukungu wa pamba unaoambukiza majirani. Meupe machache ni ya kawaida. Nusu ya beseni yakiwa meupe kabla hazijapita saa 12 tangu kutiwa manii, mengi hayakurutubishwa: rudi kwenye dume, rudi kwenye saa, na uulize kama kuna tone la maji lililoingia kwenye beseni kabla ya manii. Manii ya kambare yakiguswa na maji huamka mara moja na kuishiwa nguvu ndani ya dakika, kwa hiyo kila kitu kiwe kikavu, hata mikono, hata tumbo la jike.

Yakigeuka meupe baadaye, baada ya kuwa tayari unaona kivuli cha buu ndani, hapo ndipo chakula kinaingia mashakani, na mshukiwa wangu wa kwanza ni mafuta yaliyochacha. Mafuta laini, yale yale tunayoyatafuta, ndiyo yanayoharibika upesi kuliko yote. Hewa inayavunja, na vipande vinavyobaki vinavunja vingine. Mwilini vitamini E ndiyo inayosimama katikati na kujitoa mhanga. Jike akila omena iliyochacha, vitamini E yake inaishia kuzima moto huo tumboni mwake, na mayai yanabaki bila ulinzi. Ukiwapa mafuta mengi ya samaki bila kuongeza vitamini E unazidisha moto. Nimewaona watu wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Mshukiwa wa pili ni mashudu ya pamba. Yana sumu ya asili iitwayo gosipoli inayoharibu uzazi wa madume na majike. Kwa samaki wa kuuza nyama unaweza kuchanganya kidogo, lakini kwa wazazi usichanganye. Wa tatu ni mahindi yenye sumukuvu, na kwa hilo sina haja ya kumhubiria Mkenya.

Wanatoka vizuri, wanakufa siku ya nne

Hii ndiyo iliyomtoa Mama Bondo. Inauma kuliko zote kwa sababu inakuruhusu kufurahi kwanza. Mayai yametotolewa, beseni linachemka kwa mikia, unampigia mteja simu, unapokea pesa. Kisha mfuko wa kiini unakwisha, na siku hiyo hiyo mabuu wanaanza kutua chini.

Mabuu wazima wa kambare hawapendi mwanga. Funika kona moja ya tangi kwa gunia jeusi na utawakuta wamejisongamanisha pale kama abiria wa jioni. Ukifunua wanatawanyika, na kabla hujamaliza kukunja gunia wamesharudi wengine. Walio dhaifu hawafanyi hivyo. Wanalala walipoangukia, ukipitisha mkono juu ya maji hawashtuki. Wakirushiwa chakula, hawakioni. Sisemi kwa mfano: jicho lililojengwa bila DHA ya kutosha halioni vizuri, na buu asiyeona kiroboto-maji akipita mbele yake atakufa na njaa penye chakula.

Kabla ya kuhukumu, hakikisha chakula cha kwanza kilifika kwa wakati. Aliyengoja siku ya tano kuwarushia hana haki ya kulaumu wazazi. Maji nayo: mabuu wengi kwenye beseni dogo hutoa amonia ambayo huwezi kuiona.

Jaribio lililonifungua macho ni la njaa. Siku mabuu wanapotoka, chukua 50 wa kila jike, weka kila kundi kwenye beseni lake lenye maji safi ya joto moja, na usiwape chochote. Hesabu wafu kila asubuhi, andika. Wote watakufa, na hilo linasikitisha kidogo, ila tofauti ya siku watakazodumu inakuonyesha ukubwa wa akiba waliyopewa na mama yao. Mara ya kwanza kulifanya nilikuwa na jike mmoja aliyekuwa amelelewa kwa jirani karibu na Dunga, anakula omena isiyokaushwa, iliyochemshwa, na ochong'a, wale kamba wadogo wa ziwani. Mabuu wake walikuwa bado wanakimbilia kwenye giza siku ambayo wa majike wangu, wote, walikuwa wamelala chini. Maji yalikuwa mamoja, sindano moja, na manii ya dume mmoja. Mama Bondo alikuwa amekuja kuchukua mzigo mwingine, akainama juu ya mabeseni mawili, akanyamaza kitambo, akasema: "Basi tatizo si wewe, mwanangu. Ni jikoni kwako."

Mikia iliyopinda

Wachache kila mara huwa wapo. Wakizidi, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: joto lililoruka usiku, kwa mfano umeme ulipopotea na hita ikazima, mayai yaliyokamuliwa yamepitiliza, kisha upungufu wa vitamini C kwa wazazi, ambao huharibu mifupa na gegedu za watoto. Vitamini C ya kawaida hupotea upesi kwenye chakula kilichosagwa na kukaa, kwa hiyo peleti za miezi sita hazina kitu hata kama karatasi ya gunia inaapa.

Jike mmoja mzuri, mwenzake hovyo

Walikuwa bwawa moja, gunia moja. Basi hawakula sawa. Kambare mkubwa hula kwanza na hula mara mbili. Mdogo hupata makombo. Watenge kwa ukubwa. Pia tazama daftari: jike aliyekamuliwa wiki tatu zilizopita hajajaza akiba hata ungemlisha nini. Mimi humpa wiki 8. Asiye na daftari atafute kalamu kwanza, mengine tutaongea baadaye.

Dume

Dume wa kambare hakamuliki, unampasua. Kwa hiyo unapata nafasi ya kuona. Mifuko ya manii iliyo mizima ni minene, myeupe kama maziwa ya mtindi. Ile myembamba, ya kung'aa kama utumbo wa kuku uliooshwa, itakupa maji. Manii yana DHA pia kwenye ngozi zake, na mkia wa mbegu hautikisiki vizuri bila hiyo. Wengi wetu hulisha majike vizuri na kuwaachia madume pumba, eti hawazai. Mimi nilifanya hivyo mpaka mke wangu akaniuliza kama na mimi nihamie kwenye pumba.

Sasa lifungue gunia

Ingiza mkono hadi kiwiko, usinuse ya juu tu. Omena nzuri kavu ina harufu ya samaki na rangi ya fedha. Iliyochacha ina matumbo ya manjano kama kutu, na harufu inayokukumbusha mlango uliopakwa rangi juzi. Tafuna mmoja: ukihisi uchungu na mwasho kooni, hiyo si ya wazazi, ipeleke kwenye mbolea. Omena iliyoanikwa mchangani na kunyeshewa, ikaanikwa tena, ilishaanza kuharibika kabla haijafika soko la Kibuye, haijalishi muuzaji anaapaje.

Ubaya wa kalenda yetu ni huu. Uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa kila mwaka kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai. Mvua ndefu, ambazo humwamsha kambare kuzaa, zinanyesha Machi hadi Mei, na wateja wa mabwawa wanataka vifaranga wakati huo huo. Ina maana katika miezi ambayo majike wanajaza mayai kwa kasi, omena iliyopo sokoni ni ya ghala. Ndiyo maana kila mtu ana kisa cha Mei.

Pumba ya mchele kutoka vinu vya Ahero nayo ina tabia yake. Mara tu mchele unapokobolewa, kimeng'enya kilichomo kwenye pumba kinaanza kuvunja mafuta yake. Ndani ya siku chache imeanza kuwa kali. Ichukue siku ya kukobolewa, ikaange kwenye sufuria pana hadi inukie kama karanga, ipoe, ndipo uihifadhi.

Hifadhi ina mambo manne tu: giza, ubaridi, ukavu, na kutogusana na chuma chenye kutu, kwani chuma huharakisha kuchacha. Pipa la plastiki lenye mfuniko, juu ya mbao, ukutani pasipopigwa na jua la alasiri. Sinunui chakula cha zaidi ya wiki nne. Kila mzigo unaoingia nachota kikombe kimoja, naweka kwenye chupa ya jemu yenye tarehe, nakiacha kwenye friji. Mabuu wakinigeuka Mei, nina chupa za Machi na Aprili za kunusa, sihitaji kukisia.

Ninachowapa sasa

Kwa kilo 10 za chakula: omena kilo 4, mashudu ya soya kilo 3, pumba ya mchele iliyokaangwa kilo 1 na nusu, unga wa muhogo kilo 1 wa kushikanisha, mafuta ya mbuta gramu 300, na gramu 200 za mchanganyiko wa vitamini na madini, ambao nauchagua kwa kusoma kama una vitamini E na C. Vitamini nachanganya mwisho, kila kitu kikiwa kimepoa.

Mafuta ya mbuta ninayatoa kwenye mgongo wazi, ile mifupa inayobaki viwandani minofu ikishakatwa. Ukienda mtaa wa Obunga hapa Kisumu utaipata, lakini chukua ile ambayo bado haijakaangwa. Nachemsha vichwa na migongo kwa moto mdogo, naacha ipoe, mafuta yanapanda juu, nayaengua. Nayajaza kwenye chupa hadi mdomoni ili hewa isipate pa kukaa. Mafuta yaliyobaki kwenye karai la mkaanga samaki usiyaguse, hata akikupa bure: yameshapikwa mara ishirini. Na usidhani kidonge cha vitamini E cha duka la dawa kitahifadhi chupa yako; vingi vyake ni vya aina inayofanya kazi baada ya kumezwa. Kitie kwenye chakula, si kwenye chupa.

Ziwa likifungwa nabadili. Natumia zaidi mgongo wazi uliochemshwa na kusagwa, na ochong'a ikipatikana. Chemsha kila kitu cha majini kabla ya kuwalisha. Samaki wabichi wengine wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukimaliza.

Anayefuga Nakuru na kwingine kwenye baridi aongeze uangalifu kwenye hayo mafuta laini, kwa sababu ya habari ile ya mkebe ulioganda. Hata hivyo hita ya tangi itamsaidia kuliko chupa yoyote.

Hesabu ya tarehe ni hii. Ukitaka mayai mwanzoni mwa Aprili, chakula kizuri kianze wiki ya kwanza ya Februari, bila kukatizwa. Mwisho wa Machi nanunua omena ya mwisho, kavu na mpya, ya wiki nne. Ikifika Mei pipa lile linakuwa tupu, na mgongo wazi unakuwa umeshaanza kuchemka nyuma ya nyumba.